Maswali ya Wasomaji: Ukoo Unapotaka Kukutana Kabla ya Msiba

Kila mwaka Disemba inapokaribia, barua zinazotufikia kutoka magharibi mwa nchi huanza kufanana: watu wanahesabu siku za likizo, nauli zinapanda, na kamati za koo zinaanza kuitisha michango. Safari hii nimepata barua tatu zinazohusu jambo moja, ya kwanza ikiwa imetaja hata Waskoti, nami nimeamua kuzijibu pamoja. Hiyo ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu mwenyewe ameuliza mengi kwa mkupuo mmoja. Waandishi wa hizo mbili nyingine waniwie radhi.

Swali: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya ukoo wetu hapa Butere. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana matangani tu. Anapofariki mtu ndipo unapowaona ndugu wa Lugari, wa Kitale, wa Nairobi na hata wa Jinja, na kabla hujamaliza kuwasalimu gari lao limekwisha kuondoka. Mwaka huu wazee wameamua tukutane tukiwa wazima, siku mbili baada ya Krismasi. Mpwa wangu anayefanya kazi Glasgow ametutumia video ya chama cha ukoo mmoja wa Waskoti wakikusanyika: wanaume wamevaa sketi za mirabamiraba, bendera iko mbele, zumari za mifuko zinalia, na mkuu wa ukoo amesimama mlangoni pa ngome akiwapokea. Kamati imevutiwa sana. Nusu ya wanakamati sasa wanataka tushone sare ya kitenge kwa watu wote, tutengeneze bango, na tumtawaze mkuu wa ukoo siku hiyohiyo. Nusu nyingine wanasema huo ni uzungu mtupu. Je, hao Waskoti walifanyaje hata koo zao zikadumu, na ni yapi kwao yanayoweza kutufaa sisi?
— Katibu wa kamati, Butere

Jibu: Ndugu Katibu, wape wanakamati wako salamu, kisha uwaambie jambo ambalo huenda likawashangaza wa pande zote mbili: koo za Waskoti hazikudumu. Zilivunjwa, tena kwa sheria, na hicho mlichokiona katika video kilifufuliwa na watu waliokaa vikao kama vyenu, wakatoa ada, wakagombana, wakaendelea. Swali lenu basi nitalijibu kana kwamba mmeuliza walifufukaje.

Neno lao la ukoo, clann, katika Kigaeli, ambayo ni lugha ya milima ya Uskoti, maana yake ni watoto. Ile Mac iliyoko katika MacDonald na MacLeod ni "mwana wa", kwa hiyo jina lenyewe linamtaja mzee anayehesabiwa kuwazaa wote, kama koo zenu zinavyotanguliza Aba- ili kusema hawa ni watu wa nani. Mkuu wa ukoo alikuwa na ardhi, alikuwa na mahakama yake, na aliweza kuwaita wanaume vitani. Wajumbe walikimbia bonde hadi bonde wamebeba msalaba wa mti uliochomwa moto, na kila aliyeuona alijua anatakiwa. (Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kundi la WhatsApp, ingawa kutoka katika msalaba ule kimyakimya usiku haikuwezekana.)

Mambo hayo yaliporomoka tarehe 16 Aprili 1746 katika uwanda wa Culloden karibu na Inverness, ambako jeshi la mwanamfalme Charles Edward Stuart, ambaye ukoo wake ulidai kurudishiwa kiti cha ufalme, jeshi lililojaa watu wa koo za milimani, lilishindwa na jeshi la serikali katika mapigano yasiyofika saa moja. Sheria zilizofuata ziliwapokonya silaha na kuwavua hata nguo: kuanzia mwaka 1747 mwanamume wa milimani aliyekamatwa na vazi la kwao alifungwa miezi 6, na akirudia alihamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria nyingine ikawaondolea wakuu wa koo mamlaka ya kuhukumu. Marufuku ya mavazi iliondolewa mwaka 1782, lakini kufikia hapo msiba mkubwa zaidi ulikuwa umeanza, na huo haukuletwa na askari. Wakuu wengi, ambao sasa walikuwa wenye mashamba tu wanaotaka kodi, waliona kwamba kondoo wanalipa kuliko binadamu, na katika miongo iliyofuata maelfu ya watu waliondolewa mabondeni na wakuu wa koo zao wenyewe, wengine wakaishia Kanada na Australia. Mkiitazama video tena, kumbukeni kwamba baadhi ya hao wanaoandamana nyuma ya bendera kwa furaha ni wajukuu wa wajukuu wa watu waliofukuzwa hivyo.

Sasa nije kwenye sare, maana najua ndiko mnakogombana. Vazi la kale la milimani lilikuwa shuka pana la sufu ambalo mtu alilizungusha kiunoni, akalifunga mshipi, na sehemu iliyobaki akaitupa begani. Usiku alilifanya blanketi. Rangi zake zilitegemea mfumaji wa eneo lile na mimea aliyokuwa nayo ya kutia rangi. Desturi ya kila ukoo kuwa na miraba yake maalumu ni jambo la karne ya 19 kwa sehemu kubwa. Mwaka 1815 chama kimoja cha watu wa milimani walioishi London kiliwaandikia wakuu wa koo kiwaombe kila mmoja alete kipande cha kitambaa cha ukoo wake, na baadhi yao ikawabidi waulize huku na huko kwanza, kwa kuwa hawakukijua. Mwaka 1822 Mfalme George IV alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, na wakuu wakatakiwa kufika na watu wao wakiwa wamevaa kimilimani; wafumaji wa Wilson wa Bannockburn, ambao walikuwa tayari wakiuza vitambaa hivyo, walifanya biashara ya kutosha. Miaka 20 baadaye ndugu wawili walichapisha kitabu cha miraba ya koo walichodai kimenakiliwa kutoka hati ya kale, na hati hiyo ikaja kujulikana kuwa ya kughushi. Miraba kadhaa iliyotoka mle inavaliwa kwa heshima hadi leo. Tangu mwaka 2009 kuna daftari rasmi la serikali ya Uskoti la kuandikisha vitambaa vya aina hii.

Kwa hiyo, Katibu, nusu zote mbili za kamati yako zimekosea kidogo. Kushona sare si uzungu, kwa sababu hata wazungu wenyewe waliibuni juzi. Wala msije mkawaambia watoto kwamba mababu walivaa hicho kitenge, kwa sababu hawakukivaa. Shoneni mkipenda, mseme tumeshona mwaka huu.

Ila nitawaonya kwa jambo nililoliona kwa macho yangu. Ukoo wetu, upande wa Vihiga, tulishona kitenge cha aina moja miaka kadhaa iliyopita, cha buluu yenye maua ya manjano, na kila nyumba ikaambiwa ilipe. Shangazi yangu mmoja, mjane, hakuweza. Hakusema neno, alifika mapema kuliko sisi sote, akakaa nyuma ya jiko la nje akimenya ndizi tangu asubuhi, na tulipomwita kwenye picha ya ukoo alituonyesha mikono iliyojaa utomvu, akasema tuendelee tu, yeye atapigwa picha baadaye. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwetu. Tumevaa sawa wote, na yeye hayumo. Waskoti wenyewe wamelitafutia jambo hili njia, maana kilti kamili, yaani ile sketi ya mirabamiraba, inaweza kumeza yadi 8 za sufu na si kila mtu anaimudu: mwanaukoo wa kawaida anaweza kuvaa beji ndogo yenye nembo ya mkuu iliyozungushiwa mshipi na kifungo, au kuchomeka kofiani kijitawi cha mmea wa ukoo wake, watu wa Grant huvaa msonobari. Jani halina bei. Chagueni mti mmoja ulioko kwenye boma la mzee wenu wa kwanza, na kila atakayeingia achomekewe jani lake langoni.

Kilichofufua koo zile kwa kweli kilikuwa daftari na ada. Chama cha akina Buchanan kilianzishwa Glasgow mwaka 1725, yaani kabla hata ya Culloden, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia maskini wenye jina hilo na kuwawezesha vijana wao kusoma na kujifunza ufundi. Cha akina MacGregor kikaanza mwaka 1822, cha akina Mackay mwaka 1888, cha MacLeod mwaka 1891. Angalieni miaka hiyo ya mwishoni: ni wakati ambapo watu wa milimani na visiwani walikuwa wamejaa Glasgow na Edinburgh wakitafuta kazi za viwandani na bandarini, na vyama vyao vilizaliwa mjini, miongoni mwa watu waliozikumbuka nyumba wasizolala. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Vyama vya ustawi vya Waluhya na Wajaluo vilipata nguvu Nairobi, Mombasa na Kampala, ambako mtu akifa ilibidi watu wa kwao wachange ili asafirishwe. Luo Union, ambayo Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Ker wake, yaani kiongozi wake mkuu, katika miaka ya 1950, ilikuwa na matawi hadi nje ya Kenya. Nasi pia tulipata amri yetu: mwaka 1980 serikali iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe, na hata timu ya mpira ya Abaluhya ikalazimika kuwa AFC Leopards. Nadhani ndiyo sababu mojawapo iliyotufanya tuzoee kukutana matangani, kwani matanga hayahitaji cheti. Ninyi leo mnakihitaji, na si kigumu kukipata: watu 10 wanatosha kusajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu itawaelekeza.

Mkishapata cheti, jambo la kwanza liwe kuandika majina, na hapo ndipo mtakapokutana na swali ambalo sare inalificha: nani ni wa ukoo? Waskoti wanalijua vizuri. Mwaka 1603, baada ya vita vya Glen Fruin, jina la MacGregor lilipigwa marufuku, na aliyeendelea kujiita hivyo alistahili kifo. Watu wakajiita Campbell, Murray, Grant, Drummond, na marufuku hiyo, iliyoondolewa ikarudishwa tena, haikufutwa kabisa hadi mwaka 1774. Wengine hawakurudi kwenye jina la zamani. Kwa upande mwingine, wakulima waliokaa kwenye ardhi ya mkuu walichukua jina lake bila kuwa damu yake. Masimulizi yanawataja akina Fraser wa kipimo cha unga, familia zilizokubali kuitwa Fraser kwa kupewa unga. Leo hakuna chama cha ukoo kinachomfukuza mtu mlangoni kwa sababu babu yake alikula unga ule.

Kwenu wako pia. Kila ukoo wa magharibi una abamenya wake, na ng'ambo ya pili Wajaluo wana jodak wao, watu waliopokewa wakiwa wageni, wakapewa mahali pa kulima, wakazaa, wakazika. Wazee wanawajua kwa majina na hawawataji hadharani mpaka siku ugomvi wa shamba unapozuka. Ushauri wangu ni kwamba daftari liandike kila mlango kama ulivyo, pamoja na walikotoka kama wenyewe wanapenda litajwe, na mtu yeyote asisimame na kipaza sauti siku hiyo kueleza nani alimpokea nani. Mambo ya mipaka na hati za mashamba yawekewe siku yake, mbali na sherehe. Nimeona mkutano mzima ukifa saa saba mchana, chakula kikiwa bado motoni, kwa sababu ya sentensi moja kuhusu mche wa mpaka.

Kuhusu kumtawaza mkuu, ningewasihi msifanye hivyo mwaka huu. Uskoti wana afisa wa taji aitwaye Lord Lyon ambaye kazi yake ni kusimamia nembo, na ndiye anayetambua ni nani mkuu wa ukoo. Ukoo usio na mkuu anayejulikana huweza kuitisha kikao cha familia, ukamchagua kamanda wa kuushikilia kwa miaka fulani watu wakiendelea kuchunguza nasaba. Wako tayari kungoja, na mkuu mwenyewe hana amri juu ya mtu yeyote. Anasalimia, anafungua mikutano, anaandika barua za rambirambi. Ninyi hamna Lord Lyon, na mkimtawaza mtu saa tisa alasiri mbele ya hema kwa kuwa ndiye aliyenunua ng'ombe, mtakuwa mmetawaza ng'ombe. Mchagueni mwenyekiti. Na msimwite chifu, kwa maana chifu mnaye tayari, analipwa mshahara na serikali, naye atataka kujua.

La fedha nitalipitia haraka. Mwaka 2009 Waskoti waliandaa mkutano mkubwa wa koo zote katika bustani ya Holyrood mjini Edinburgh: zaidi ya koo 100 zilishiriki, watu wapatao 47,000 walifika, na jioni waliandamana kupanda hadi ngome ya mji. Ulikuwa wa kupendeza, na kampuni iliyouandaa ikabaki na pengo la zaidi ya pauni 500,000, huku wafanyabiashara wadogo waliotoa huduma wakisubiri malipo yao. Hema, viti na vipaza sauti vilipwe kutokana na fedha zilizokwisha kuingia, wala si ahadi za watu wa Nairobi. Nambari ya malipo ya simu iwe ya kikundi, isiwe ya mweka hazina. Kwetu iliwahi kuwa ya mweka hazina.

Jambo la mwisho ni mahali. Akina MacLeod wana ngome yao ya Dunvegan katika kisiwa cha Skye, ambako tangu mwaka 1956 wamekuwa wakifanya kikao wanachokiita bunge la ukoo, siku hizi kila baada ya miaka 4, na watu hutoka Australia na Marekani kwenda kulala katika vijiji vya karibu. Hawakutani kila mwaka, na sidhani ninyi mtaweza. Ninyi mna jirani mzuri wa kuigwa huko Matungu, ambako Wanga wana kituo cha utamaduni cha Nabongo penye makaburi ya wafalme wao. Hamhitaji ngome. Boma la mzee wa kwanza linatosha, hata kama limebaki mti na mawe matatu ya jiko, mradi watoto wa Lugari wapelekwe pale kwa miguu na mtu anayejua kusimulia. (Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alifika Mumias mwaka 1883, kwa hiyo si mara ya kwanza watu wa kwao kupita karibu na kwenu, ingawa yeye hakuwa mtu wa milimani.)

Swali: Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, nimezaliwa Ugenya na nimeolewa Kano, ninafanya biashara ya samaki hapa Kisumu. Ukoo wangu wa kuzaliwa umeitisha mkutano wa kufufua mila, na nimetumiwa ujumbe kwamba mabinti walioolewa waje siku moja mapema kusaidia jikoni. Nilipouliza kama majina yetu yataingia kwenye kitabu cha ukoo, kaka yangu alicheka. Je, hizo koo za wenzetu zinamweka wapi mwanamke?
— Nyar Ugenya, Kisumu

Jibu: Dada, sahihi yako mwenyewe imekwisha kulijibu nusu ya swali lako. Miaka yote uliyokaa Kano, watu wa Kano wanakuita Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, na watakuita hivyo mpaka uzeeni. Wanaokuoa wanakukumbusha kila siku ulikotoka, na waliokuzaa ndio wanaotaka kusahau.

Waskoti nao walianzia mbali, kwani jina la ukoo kwao hupita kwa baba, na vita na ardhi vilikuwa mikononi mwa wanaume. Lakini vyama vya ukoo vya leo kwa kawaida humpokea mtu anayetoka kwenye ukoo kwa upande wowote, awe ameupata kwa mama au kwa nyanya, na wengi wanaovuka bahari kwenda kwenye mikutano hiyo wana majina ya baba yasiyohusiana kabisa na ukoo wanaousherehekea. Na kama kaka yako anataka mfano mkubwa zaidi, mwambie kuhusu Flora MacLeod. Alizaliwa mwaka 1878, akawa mkuu wa 28 wa ukoo wa MacLeod mwaka 1935 baada ya baba yake asiyekuwa na mwana wa kiume, na alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50. Wengine wangekaa ngomeni wakanywa chai. Yeye alifunga safari kwenda Kanada, Marekani, Australia na New Zealand kuwatafuta watu wa jina lake, vyama vikachipuka huko, na lile bunge la Dunvegan nililomweleza Katibu wa Butere lilianza wakati wake. Alifariki mwaka 1976 akiwa na miaka 98. Ukoo ule ulifufuliwa na binti.

Kuhusu kitabu, nikupe kisa changu. Babu yangu alikuwa na daftari la shule, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambamo aliandika nasaba yetu kwa kalamu ya wino. Wana wa kiume aliwaandika mmoja mmoja, jina la ubatizo na la nyumbani, na mwaka wa kupashwa tohara. Chini ya jina la kaka yake mkubwa aliandika: wasichana 4. Basi. Baba yangu na mimi tulichukua karibu miaka mitatu kuwapata hao wasichana wanne, tukiuliza kanisani, tukiuliza sokoni Luanda, na wa mwisho tulimpata kwa bahati, kwa kuwa mjukuu wake aliuziwa ng'ombe na jirani yetu. Alikuwa bado hai. Alitutajia majina ya watu sita ambao daftari la babu halikuwajua kabisa, wakiwamo wanaume.

Nenda jikoni ukitaka, kwa maana kupika kwenu si aibu, lakini nenda na orodha iliyoandikwa: jina lako, majina ya dada zako, mlikoolewa, na watoto wenu. Mpe katibu mkononi mbele ya wazee kabla chakula hakijapakuliwa. Wakikuambia ni kinyume cha mila, waambie kifungu cha 44 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wa jamii yake, na kifungu hichohicho kinakataza mtu kulazimishwa kufuata mila, kwa hiyo ile siku moja mapema jikoni nayo ni ya hiari. Sema kwa upole. Wenye njaa husikiliza vizuri.

Swali: Nina miaka 24, nimezaliwa na kukulia Nakuru, mtaa wa Langa Langa. Kilugha ninaelewa salamu tu. Baba anataka twende mkutano wa ukoo Kakamega na mimi naogopa kuchekwa. Kwa kweli, kuna faida gani kwa mtu kama mimi?
— Kijana wa mjini, Nakuru

Jibu: Mwanangu, utachekwa kidogo, asubuhi. Katika sensa ya Uskoti ya mwaka 2011 watu wapatao 57,000 tu ndio waliosema wanazungumza Kigaeli, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 5, na koo hizo zinazopigiwa zumari zimejaa watu ambao hata salamu unazozijua wewe wao hawana. Hilo halijawazuia kwenda. Limewafanya baadhi yao waanze kujifunza wakiwa na mvi, jambo ambalo wewe unaweza kulifanya mapema zaidi na bila kupanda ndege.

Faida yako wewe, hata hivyo, Mskoti hana. MacDonald anaweza kumwoa MacDonald, na hakuna mzee atakayeinuka kitini. Kwenu Kakamega mtu wa ukoo wa baba yako ni dada yako, na wa ukoo wa mama yako pia humgusi, na kwa kuwa hatutumii jina la ukoo kwenye kitambulisho, huwezi kulijua hilo kwa kusoma jina. Nakuru imejaa watoto wa magharibi waliozaliwa mjini kama wewe. Nimewahi kualikwa kwenye kikao cha posa ambacho kilivunjika katika dakika kumi za kwanza, wazee wa pande mbili walipotajiana mababu na kukuta babu mmoja; vijana wenyewe walikuwa wamekaa pamoja miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Nisingependa likukute.

Kwa hiyo nenda na baba yako. Ukifika, usijifiche kwenye gari na simu. Mtafute mzee au mama mwenye daftari, keti karibu naye, umtajie jina la babu yako na la mama yako na alikotoka mama yako, kisha umwombe akuonyeshe palipoandikwa. Akiwa amekosea herufi za jina lako, mpe kalamu.